Mkoba Kwenye Kiti: Leseni Inaposema Imejaa

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana wenzangu, habari za jioni. Nimepewa dakika ishirini na mada isiyo na mvuto hata chembe: leseni za programu zinapogoma kwenye timu ndogo. Nawashukuru mliobaki baada ya chai.

Nianze na daladala. Aliyewahi kugombea gari jioni hapa Dar es Salaam anaujua mtindo. Gari halijasimama sawasawa, mtu anapitisha mkoba dirishani na kuutupia kitini. Wewe unayeingia kwa mlango kama muungwana unakuta gari "limejaa", lakini ukihesabu vichwa vilivyokaa ni viwili. Kiti hiki kina mkoba, kile kina kanga, kile kingine kina mtoto anayekuambia, "Hapa kuna mtu." Ukimuuliza konda atakujibu gari limejaa, na hajasema uongo. Kwa hesabu yake kila kiti kina mwenyewe.

Seva ya leseni, yaani kompyuta inayogawa ruhusa za kutumia programu, ni konda wa namna hiyo. Haijui nani anafanya kazi, inajua nani kaweka mkoba. Kwa hiyo ikikwambia nafasi zimekwisha, usikimbilie kununua wala usikimbilie kukraki, yaani kuvunja kufuli la programu. Uliza kwanza inahesabu nini, kisha uliza nani kashika kiti. Mengine yote nitakayosema yanatokana na maswali hayo mawili.

Sisi tuko sita. Tunaandika programu zinazokaa ndani ya mita za maji za kulipia kabla. Wenyewe tunasema "tunaandika kodi", yaani msimbo wa kompyuta, na mama yetu wa uhasibu kila akilisikia neno hilo anadhani TRA, mamlaka ya mapato, wamefika. Kompaila tunayotumia, ile programu inayogeuza msimbo kuwa programu kamili, ni ya kulipia na ina bei, na mwaka tulioanza tuliweza kununua viti vitatu vya kupokezana, yaani ruhusa ya watu watatu kuitumia kwa wakati mmoja. Watu sita, viti vitatu. Hesabu hiyo haina ubaya wowote, maana hakuna siku ambayo watu sita wote wanakompaili kwa dakika moja. Kampuni iliyotuuzia sitaitaja, kwa sababu kwanza kosa halikuwa lake.

Jumatatu moja asubuhi kila anayefungua programu anapata ujumbe kwamba idadi ya watumiaji walioruhusiwa imeshafikiwa, na mwisho wa ujumbe pana namba hasi nne. Mliowahi kuishi na FlexNet, programu ya kugawa leseni ambayo zamani iliitwa FlexLM, mnaijua hiyo -4 kama mnavyoijua namba ya simu ya nyumbani. Bosi akatoka ofisini kwake: "Nunueni cha nne, kazi iende." Kijana wetu mmoja, mwerevu sana, akaninong'oneza: "Kaka, mbona kraki yake ninayo kwenye flashi?"

Nikawauliza swali la kijinga. Nani hapa, sasa hivi, anaitumia? Mkono ulionyooka ulikuwa mmoja.

Kuna amri inaitwa lmstat, unaiandika na -a mbele yake. Inakuorodheshea kila kiti kilichotoka: jina la mtumiaji, jina la kompyuta, na siku na saa kilipochukuliwa. Hiyo saa ndiyo dhahabu. Mstari wa kwanza ulikuwa wa yule mwenzetu aliyenyoosha mkono, kachukua asubuhi ile ile. Mstari wa pili ulikuwa kompyuta ya kona, Ijumaa saa kumi na moja na dakika 52 jioni. Mwenyewe alikuwa Tanga harusini tangu Jumamosi. Alifunga skrini, akazima taa, akaondoka, na kufunga skrini si kufunga programu. Mstari wa tatu ulikuwa wa mtu ambaye hatukumwajiri: ile kompyuta inayokusanya msimbo wetu wote kila usiku na kuutengeneza. Ilichukua kiti saa saba usiku wa kuamkia Jumamosi, ikafika mahali programu ikafungua kidirisha cha kuuliza "Niendelee?", na hapakuwa na binadamu wa kubonyeza ndiyo. Ilikaa na lile swali siku mbili na nusu.

Tukaifunga ile ya kona, tukaiua kazi iliyoganda kwenye kompyuta ya usiku, na viti viwili vikarudi kabla sijamaliza kikombe.

Mtasema kuna amri ya kumnyang'anya mtu kiti kwa nguvu. Ipo, inaitwa lmremove. Mimi naiweka kama kizima moto: iwepo ukutani, lakini ukijikuta unaitumia kila wiki basi nyumba yako ina tatizo lingine. Ukimnyang'anya mtu aliyeko katikati ya kazi unaweza kumpotezea alichokuwa hajahifadhi, na programu nyingine kiti kikichomoka zinakichukua tena papo hapo, kwa hiyo unabaki kushindana na mashine.

Njia ya kistaarabu ni faili la masharti, ambalo seva inalisoma. Humo unaweza kuandika TIMEOUTALL na idadi ya sekunde, tuseme 3600, ili kiti kisichotumika kwa saa nzima kirudi chenyewe. Mtengenezaji huwa ameweka kiwango cha chini ambacho huwezi kwenda chini yake, mara nyingi dakika 15. Lakini hapa pana mtego ambao watu wengi hawaambiwi. Sharti hilo linafanya kazi tu ikiwa programu yenyewe imeandikwa kuliheshimu. Yetu haikuandikwa hivyo. Tuliweka mstari, tukasherehekea, na Jumatatu iliyofuata tukarudi pale pale. Ndipo tukaandika kijiprogramu kidogo: kila siku saa moja jioni kinaendesha lmstat, kinachukua majina yaliyoshika viti, na kuyatuma kwenye kundi letu la WhatsApp. Hakina adhabu, ni majina tu. Niwaambieni, aibu ndogo ya jioni inafanya kazi kuliko sera ya kurasa kumi.

Kwenye faili hilo hilo kuna neno RESERVE, na kila bosi anaposikia lipo analipenda. Anataka kiti kimoja kiwe cha fundi mkuu daima. Jamani, kiti kilichotengwa kwa RESERVE kimetoka kwenye hesabu ya wote hata kama mwenyewe yuko likizo Lushoto. Una viti vitatu, umetenga kimoja, sasa una viwili. Kama shida yako ni mtu mmoja au mashine moja kujichotea kupita kiasi, tumia MAX, ambayo inaweka kikomo kwa huyo mmoja bila kuwaibia wengine. Kompyuta yetu ya usiku ina MAX ya kiti kimoja. Hatujawahi kugombana nayo tena.

Sasa yule kijana na flashi yake. Sikumgombeza. Nilimwambia: mdogo wangu, kompyuta hii inatoa programu inayokwenda kukaa kwenye mita za nyumba za watu, na mita hizo zinashika salio la fedha zao. Unataka niichanganye na faili ulilopewa na mtu usiyemjua, ambalo kazi yake ya kwanza ni kukuomba uzime antivairasi? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ipo na ina meno, lakini hata isingekuwepo, mimi nisingelala. Alinielewa. Ndiye aliyekiandika kile kijiprogramu cha saa moja jioni.

Viti vilivyoshikwa bila mtu naviita mizimu, na kuna mingine msiyoiona kwa macho. Unafanya kazi nyumbani, intaneti inakatika, laptopu inajikuta nje ya mtandao. Seva haijui kwamba umekatika, inadhani umenyamaza tu. Mfumo wa Linux, usipoubadilisha, unasubiri sekunde 7,200, yaani saa mbili kamili, kabla hata ya kutuma ujumbe wa kuuliza kama upande wa pili bado upo. Ukirudi baada ya dakika tano ukaomba kiti kipya, unaweza kuzuiwa na mzimu wako mwenyewe. Watu wanatukana seva, kumbe ni wao wenyewe.

Na umeme je? Hapa ndipo wenzetu wa Ulaya wanaoandika miongozo hawafiki. Umeme unakatika, UPS, ile betri ya akiba, inapiga kelele mpaka inachoka, seva inazimika. Umeme unarudi, kila mtu anafungua programu, hakuna kinachofanya kazi. Ofisi nzima inasema leseni imejaa. Haijajaa. Soma namba. Ukiona -15, maana yake kompyuta yako haikufanikiwa kabisa kuzungumza na seva, na hilo ni tatizo la njia, halihusiani na viti. Seva hizi zina programu mbili: moja inapokea wageni, kwa kawaida kwenye poti, yaani mlango wa mtandao wenye namba, kati ya 27000 na 27009, ya pili ni ya mtengenezaji, na hiyo ndiyo inayogawa viti. Hii ya pili usipoiandikia poti yake kwenye faili la leseni, kila ikiamka inachagua poti yoyote inayoipenda. Jana fayawoli, mlinzi wa mtandao, iliijua, leo haiijui. Andika PORT= na namba kwenye mstari wake, fungua namba hiyo kwenye fayawoli, na hilo limekwisha.

Lingine la umeme ni saa. Kompyuta ya zamani ambayo betri yake ndogo ya ndani, ile ya duara kama sarafu, imekufa, ikizimika kabisa inasahau tarehe. Inaamka ikidhani ni miaka kadhaa nyuma. Leseni nazo zina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na baadhi zinapima kama umerudisha saa nyuma ili kuzidanganya. Kwa hiyo unajikuta unashitakiwa kwa wizi wa muda kwa sababu ya betri ya CR2032, ambayo fundi wa saa yeyote Kariakoo anayo.

Niondoke kwenye seva zetu za ndani, maana najua wengi hapa hamna hata moja. Ninyi mnagomewa kwingine. Tangu Novemba 2020 Docker Hub, ghala la mtandaoni la programu zilizofungashwa tayari, inaweka kikomo cha kuvuta taswira za kontena, yaani vifurushi hivyo. Utaratibu ulipoanza, asiyejitambulisha alipewa mara 100 kwa saa sita, mwenye akaunti ya bure mara 200. Sasa rudini kwenye swali langu la kwanza: inahesabu nini? Kwa asiyejitambulisha haihesabu mtu, inahesabu anwani ya IP. Ofisi yenu ya watu saba nyuma ya ruta moja ni mtu mmoja. Na kama mnatumia intaneti ya simu, mara nyingi kampuni ya simu inawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa hiyo mnagawana mara hizo 100 na wanafunzi wa chuo fulani na jamaa mwingine asiyejulikana huko Mwanza. Ndiyo sababu asubuhi inafanya kazi na mchana inakujibu 429, yaani umeomba mara nyingi mno. Ingieni kwa akaunti, kila mtu na yake, pamoja na ile mashine yenu ya kujaribia msimbo, kwa sababu hiyo ndiyo inayovuta usiku kucha. Mkizidi kukua, wekeni ghala lenu la ndani linalohifadhi taswira zilizokwisha kuvutwa. Lenyewe linavuta mara moja, ninyi mnachota kwake.

Swali hilo hilo, mahali pengine. Windows Server, bila leseni za ziada za kuingia kwa mbali, inakubali sesheni mbili za usimamizi kwa wakati mmoja. Nani hapa hajawahi kuambiwa zimejaa usiku wa manane mteja akilia? Mnacheka. Ukibonyeza alama ya kufunga pale juu kwenye kona, hujatoka. Umeondoka na kuacha mkoba. Sesheni yako imebaki ndani, imeandikwa Disc, na inahesabiwa. Andika qwinsta uzione, kisha logoff na namba ya sesheni. Halafu nenda kwenye sera za kundi uweke muda wa sesheni zilizoachwa kufungwa zenyewe. Hiyo ni kazi ya dakika mbili, na nimeona kampuni ikitaka kununua seva nyingine kwa sababu yake.

Kwenye kanzidata, SQL Server Express, ile ya bure ya Microsoft, kwa matoleo kuanzia 2008 R2 hadi 2022 inakubali GB 10 kwa kila kanzidata. Hapa hakihesabiwi kichwa cha mtu wala kompyuta, ni uzito. Wala haikupigii simu ikifika GB 9. Siku inapofika inakataa kuandika, na siku hiyo huwa ni ile ambayo mteja ana foleni mpaka nje. Mara nyingi ukichungulia ndani unakuta picha za risiti zilizopigwa kwa simu zimehifadhiwa ndani ya jedwali, moja baada ya nyingine, miaka minne. Zitoeni picha, ziwekeni kwenye folda, kwenye kanzidata ibaki njia tu ya kuzifikia. Kama mfumo ni mpya na hamjafunga ndoa na Microsoft, PostgreSQL, kanzidata nyingine ya bure, haina kikomo hicho. Nimesema.

Sasa nije kwenye vikomo ambavyo binafsi vinanitia hofu zaidi, kwa sababu havipigi kelele. Hakuna -4, hakuna 429. Programu inafunguka vizuri tu, na wewe tayari umevuka.

Visual Studio Community, programu ya Microsoft ya kuandikia msimbo, ni ya bure, na karibu kila mtu humu anayo. Masharti yake yanaruhusu hadi watu watano katika kampuni ndogo. Tulipomwajiri wa sita sikuona ujumbe wowote. Lakini watano siyo sehemu ngumu. Masharti hayo yanaiita taasisi kuwa kubwa ikiwa ina kompyuta au watumiaji zaidi ya 250, au mapato zaidi ya dola milioni moja kwa mwaka, na taasisi ya namna hiyo, mbali na mambo machache kama elimu na programu huria, hairuhusiwi kuitumia kwa programu zake. Hairuhusiwi yenyewe, wala wafanyakazi wake, wala wakandarasi wake. Wakandarasi, jamani. Ninyi mko wanne kwenye chumba kimoja Sinza, mmepata zabuni ya kuitengenezea benki mfumo. Ninyi ni wadogo, benki siyo ndogo, na mfumo ni wa benki. Someni masharti hayo kabla hamjaandika bei ya zabuni, kwa sababu leseni ya kulipia inatakiwa iwe ndani ya bei hiyo. Ukiigundua baada ya kusaini, inatoka mfukoni mwako.

Docker Desktop, ile ya kuendeshea kontena kwenye kompyuta yako, nayo, tangu masharti yaliyotangazwa Agosti 2021, ni bure kwa biashara yenye wafanyakazi chini ya 250 na mapato chini ya dola milioni 10. Wengi wetu hapa tuko salama kwa muda mrefu ujao, Inshallah tuvuke.

Lipo jambo dogo ambalo sijaliona limeandikwa popote na limenisumbua mara mbili. Unalipia huduma fulani ya mtandaoni kwa mwezi. Kadi inakataa: labda salio la dola limepungua, labda benki imezuia malipo ya nje, labda ilikuwa kadi ya mtandaoni ya simu na muda wake umeisha. Huduma haikufukuzi. Inakushusha kimyakimya hadi mpango wa bure, na mpango wa bure una kikomo cha watu. Asubuhi watu watatu hawawezi kuingia, na ujumbe unasema mmezidi idadi. Unaanza kuwafuta watumiaji, kumbe tatizo ni kadi. Barua pepe ya onyo ilitumwa wiki mbili kabla, kwenye anwani ya binafsi ya kijana aliyefungua akaunti mwanzoni, ambaye sasa anafanya kazi Nairobi. Akaunti zote za malipo ziwe kwenye anwani ya kazi inayosomwa na watu wawili. Na mtu akiaga, siku ya kumkatia keki ndiyo siku ya kumtoa kwenye orodha za watumiaji, kwa sababu orodha hizo hazijui kama ameshaondoka.

Ndugu mmoja aliniuliza nje wakati wa chai: na kama mizimu yote imeondoka, na kweli watu wamebanana? Basi nunua, lakini nenda na ushahidi. Faili la kumbukumbu la seva linaandika OUT kiti kikitoka, IN kikirudi, na DENIED mtu akinyimwa. Hesabu hizo DENIED. Angalizo: kila mstari una saa lakini hauna tarehe. Tarehe iko kwenye mistari ya TIMESTAMP inayojitokeza mara mojamoja. Mimi nilipoteza asubuhi nzima nikidhani nasoma Jumanne kumbe ni Jumatano.

Tulipohesabu miezi miwili bila mizimu, tuliona wanyimwaji wote wako Alhamisi alasiri, kwa sababu Alhamisi usiku ndipo tunapotoa toleo jipya la mita. Nikamchapia bosi karatasi moja yenye saa za Alhamisi nane na mshahara wa watu wawili waliokaa wanangoja. Akasaini bila swali, na kiti cha nne kikaja.

Wiki ile ile ya kwanza, saa moja jioni, nikiwa nimesimama kwenye mwendokasi pale Magomeni, simu ikalia. Kile kijiprogramu chetu kwenye kundi la WhatsApp: kiti kimoja bado kimeshikwa. Chini yake jina langu.